Da Mwana, bando lenu msilimalizie kwenye vitu vya ovyo

Leicester, Jumapili usiku

Da Mwana, shikamoo. Mama nae mpe shikamoo zangu, mwambie mguu aendelee kuukanda na asibebe ndoo. Mi sijambo, baridi tu ndo imeanza. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili kwenye basi nikitoka shifti ya usiku, unaniuliza sasa mmevuta waifai na TV mpya iko ukutani mtazame nini, we unataka za mauaji na mama anataka za wanyama. Nimeona nikuandikie manake kwenye simu tutakatana maneno tu.

Za mauaji dada nyingi zimenichosha, nakwambia kweli. Leo maiti imekutwa mtoni, unaambiwa muuaji ni mume, kesho jirani, keshokutwa mwalimu, episodi nane zote unazungushwa hivyo hivyo unakesha, af mwisho anatajwa mtu alopita mara moja tu na kikombe cha chai. Na yule aliyekufa mwenyewe hujamjua alikuwa mtu wa namna gani, anapenda nini, nani anamlilia. Mi nalala saa kumi alfajiri kwa kitu ambacho wiki ijayo sikikumbuki.

Sasa kuna hii inaitwa Adolescence, ya huku Uingereza, ilitoka Netflix Machi 2025, episodi nne tu. Polisi wanavunja mlango asubuhi na mapema wanamkamata mtoto wa miaka 13, wanasema kamchoma kisu msichana wa shuleni kwao akafa. Na hawakuzungushi, episodi ya kwanza haijaisha jibu unalo, tatu zilobaki zote unajiuliza kwa nini, kwa nini, kwa nini. Hapo ndo nilijua kumbe kusisimka si lazima ufichwe jina la muuaji. Halafu kila episodi imepigwa moja kwa moja, kamera haikatwi toka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu kakushika mkono anakutembeza na huwezi kugeuza uso. Ile ya tatu ni chumba kimoja, huyo mtoto na mwanasaikolojia wanaongea, basi, na nilikuwa nimeukumbatia mto nimeubana. Owen Cooper aliyeigiza huyo mtoto hiyo ndo ilikuwa kazi yake ya kwanza, akachukua tuzo ya Emmy 2025 ana miaka 15.

Lakini kilichoniliza ni baba na mama yake. Hawampigi, hawajamtupa, wanampenda. Wanakaa kitandani wanasema si alikuwa chumbani kwake na kompyuta yake, tukajua yuko salama. Dada nilimfikiria mwanetu hapo hapo, nae ana hiyo hiyo 13, nae anajifungia na simu. Sisemi ni mtoto mbaya, namjua, ila yale maneno wanayoandikiana watoto mtandaoni wale wazazi hawakuyaelewa hata kidogo na yule askari mtu mzima ikabidi afafanuliwe na mwanawe vialama vya kwenye simu vina maana gani. Huku waliona jambo zito mpaka ikaruhusiwa kuonyeshwa bure shule za sekondari. We itazame kwanza peke yako, kisha kaa nae.

Nyingine ni Mr Bates vs The Post Office, ilionyeshwa ITV ya huku Uingereza Januari 2024, nayo vipande vinne. Hii ni kweli tupu. Mawakala wa posta za vijijini, watu wa duka dogo na stempu, kompyuta mpya ikawa inawaambia hela zimepungua, wakashtakiwa wizi, zaidi ya 900 wakatiwa hatiani, wengine jela, wengine wakauza nyumba kulipa hela ambazo hazijawahi kupotea. Kosa lilikuwa la kompyuta. Kuna mama mmoja anapiga simu kuomba msaada, anabonyeza anavyoelekezwa, na deni linakuwa mara mbili palepale machoni pake. Na kila anayelalamika anaambiwa ni wewe peke yako! Hapana bastola hapo, hapana anayefukuzwa gizani, na moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko thrila yoyote. Magazeti yalikuwa yameshaandika tangu 2009, mahakama kuu ilishawapa haki 2019, lakini nchi nzima ilikuja kukasirika baada ya tamthilia, na Mei 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta zile hukumu. Nilitazama na bibi mmoja ninayemhudumia, alikuwa ananishika mkono akisema hawa watu ni kama sisi.

Ndo maana dokumentari za mauaji za sehemu kumi na muziki wa kutisha nimeacha. Mtu kafiwa kweli, wanamkata maneno katikati ili ubonyeze inayofuata. Sio utu.

Ya mama nimeshampatia, My Octopus Teacher, 2020, ilipata Oscar. Mzungu wa Afrika Kusini anapiga mbizi kila siku karibu mwaka mzima kwenye misitu ya mwani karibu na Cape Town, anamfuata pweza mmoja jike. Papa anamng'oa mkono, ukaota upya! Mama kakulia Tanga, pweza anamjua wa kwenye mwamba na wa kwenye supu, ila huyu anajifunika makombe mwili mzima ili papa asimuone, hilo nina hakika hajaliona.

Shida ni lugha. Zamani kibanda umiza Lufufu alikuwa anatufafanulia muvi nzima, steringi anasema nini, adui anapanga nini, na mama alikuwa anasimama mlangoni anasikiliza. Hizi maneno yako chini kwa Kiingereza na yanapita haraka. Nimefikiria hivi, Jumapili ijayo siendi kazini, saa mbili usiku ya huko nitapiga video, wekeni simu karibu na TV, tubonyeze pamoja, mi nitamfafanulia mama mwanzo mpaka mwisho. Chaji ijae, na mwanetu aje nae akae.

Mdogo wako