Anayeuliza mapato na matumizi asiitwe msaliti

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako. Katika mkutano wa mtaa wetu hapa Arusha, mama mmoja muuza mboga alisimama kuuliza michango ya mtaro imefikia wapi. Mwenyekiti hata hajafungua daftari, kijana mwenye skafu ya rangi za bendera akadakia: "Huyu mama si mzalendo!" Makofi yakapigwa, mama akakaa. Mkutano ukafungwa bila jibu. Mvua ikinyesha, maji bado yanaingia majumbani.

Kwangu mimi, mzalendo siku ile alikuwa yule mama.

Waingereza tabia hii waliipa jina zamani. Mwaka 1878, nchi yao ilipokaribia kupigana na Urusi kwa kuitetea Uturuki, kulivuma wimbo wa kumbi za burudani wenye kiapo cha "jingo", na washangiliaji wa vita wakaitwa majingo. Sisi anayejitolea na anayejionyesha wote tunawaita wazalendo, na hapo ndipo mwenye skafu anapopata nguvu ya kumnyamazisha mwenzake. Mimi ule wa kwake nauita uzalendo wa jukwaani.

Na haya yanatokea Arusha! Ukumbi ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 uko hapa Kaloleni, siku hizi ni makumbusho. Azimio la Arusha lililotangazwa Februari 5 mwaka ule halikumpima kiongozi kwa vigelegele. Lilimtaka asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa katika kikao cha chama tawala kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, na wapo wanaoona yalizidi ukali. Sawa, tubishane. Lakini kipimo kilikuwa mfukoni mwa kiongozi, na mwananchi alikuwa na haki ya kuuchungulia.

Bendera naiheshimu. Mwenge uliopandishwa Kilimanjaro na Alexander Nyirenda usiku wa uhuru, Desemba 1961, nauonea fahari kama Mtanzania mwingine yeyote. Ninachokikataa ni kuzitumia alama hizo kuwaziba watu midomo.

Nawaomba wenyeviti wa mitaa wasome mapato na matumizi kabla ya hotuba yoyote, maswali yapokelewe, na anayemzomea muulizaji atolewe nje ya mkutano.

Msomaji wako,
Kaloleni, Arusha