Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mafunzo ya Afya ya Akili ya Watoto Yasiishie Kwenye Semina

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali Mtumba,
Dodoma.

YAH: MAFUNZO YA WATOA HUDUMA KATIKA AFYA YA AKILI YA WATOTO WADOGO NA WAZAZI WAO

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkufunzi mstaafu wa uuguzi na ukunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwasimamia wanafunzi katika kliniki za mama na mtoto, kwenye zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Morogoro. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo ninaloliomba linagusa ofisi zaidi ya moja, na ningependa wote wanaohusika walisome kwa pamoja.

Ombi lenyewe ni hili: fedha na muda vinavyotumika kuwafundisha watumishi wetu namna ya kutambua na kusaidia mapema matatizo ya afya ya akili ya watoto na familia zao vipungue kwenye kumbi za semina, viongezwe kwenye kumsimamia mtumishi akiwa kituoni kwake, mwezi hadi mwezi.

Naomba nianzie kliniki. Ratiba ya chanjo humleta mtoto mbele ya muuguzi anapozaliwa, anapotimiza wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18, na katikati ya hapo huletwa kupimwa uzito. Sijui huduma nyingine ya Serikali inayomwona mtoto mara nyingi kiasi hicho kabla hajaanza shule. Mama hufika asubuhi, huweka kadi yake mezani kushika foleni, hukaa kwenye benchi, akiitwa humvisha mtoto ile kaptura ya kupimia, mtoto akaning'inizwa kwenye mizani huku analia, uzito ukasomwa kwa sauti, nukta ikawekwa kwenye kadi, na anayefuata akaitwa. Katika foleni hiyo yumo mama ambaye nukta ya mtoto wake imeshuka mwezi wa pili mfululizo. Ataulizwa anampa mtoto chakula gani, kisha ataelekezwa kutia karanga kwenye uji. Akithubutu kusema kwamba usiku halali, kwamba ana mawazo, kwamba siku nyingine mtoto hulia mpaka jirani aje agonge mlango ndipo yeye ashtuke, muuguzi mwema atampa pole na pengine vidonge vya kuongeza damu. Simlaumu muuguzi huyo. Hakuna aliyewahi kukaa pembeni yake akamwonyesha cha kufanya baada ya pole, na kwenye benchi bado kuna akina mama wengi wanaomtazama yeye na kutazama jua.

Najua swali linaloulizwa hoja hii inapofika kwenye vikao vya bajeti: mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana akili gani ya kuugua? Anayo, na huugua kwa namna yake. Hamtazami mama usoni wakati wa kunyonya. Halii hata pale anapopaswa kulia, na nyumbani anasifiwa kwamba ni mpole. Maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea. Aliye mkubwa kidogo, aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, ameanza tena, na anachapwa kwa ajili hiyo. Dalili kama hizi zinaweza kutokana na usonji, na zinaweza pia kutokana na masikio yasiyosikia, njaa, sonona ya mama (huzuni nzito isiyoisha), au vipigo ambavyo mtoto huviona nyumbani kila jioni. Muuguzi wa zahanati hahitaji kulijua jina la tatizo. Anahitaji kuona kwamba lipo, kumuuliza mama bila kumtisha, kumpa msaada wa kwanza ulio ndani ya uwezo wake, na kujua ampigie nani simu.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba nusu ya matatizo yote ya afya ya akili huanza kabla mtu hajafikisha miaka 14, na kwamba mengi hayatambuliwi wala kutibiwa. Kwetu tunayo takwimu ya nyumbani inayotosha kututia wasiwasi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Mheshimiwa, vijana hao leo ndio wazazi wanaokaa kwenye benchi nililolieleza. Tukizungumzia kumsaidia mtoto mapema, tunawazungumzia na wao, maana yaliyowapata wamekuja nayo kliniki na hakuna anayeuliza. (Samaki mkunje angali mbichi, husema wazee wetu, na mara nyingi tunaposema hivyo mkononi tumeshika fimbo.)

Sasa tutazame tunavyofundisha. Mradi unakuja wilayani na barua ya mwaliko. Mafunzo ni siku tatu au tano kwenye ukumbi wa hoteli, slaidi ziko kwa Kiingereza, mada ni nyingi kuliko saa, na igizo moja hufanyika baada ya chakula cha mchana wakati kila mtu anasinzia. Mwishoni kuna cheti na picha ya pamoja. Aliyeteuliwa kuhudhuria mara nyingi ni mfawidhi wa kituo, na anayeshika mizani amebaki kituoni akishika mizani. Sina ugomvi na posho, kwa sababu mtumishi aliyetoka Mahenge lazima ale na alale. Ninacholalamikia ni kwamba Jumatatu anarudi kwenye foleni ile ile, na hakuna mtu atakayemuuliza tena kuhusu alichojifunza mpaka mradi mwingine uje na barua nyingine.

Kwenye ukunga hatujawahi kufanya hivyo. Mwanafunzi hapewi cheti kwa kusikiliza mada ya uzazi. Anazalisha akiwa na mkunga mzoefu ubavuni, kila mama aliyemhudumia anaandikwa kwenye daftari lake la mazoezi, na mkufunzi anatia saini. Tunafanya hivyo kwa kuwa tunajua kosa litaua. Nani alituambia kwamba kukaa na mama aliyekata tamaa, mwenye kitoto cha miezi miwili mapajani, ni kazi nyepesi kuliko hiyo?

Ushahidi wa njia nyingine upo, na hautoki nchi tajiri. Katika vijiji vya wilaya ya Rawalpindi huko Pakistani, wahudumu wa afya wanawake wa ngazi ya jamii walifundishwa kuwatembelea nyumbani akina mama wenye sonona, tangu mwishoni mwa ujauzito hadi baada ya kujifungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walihusishwa wanawake 903, na mtoto alipofikisha miezi 6, asilimia 23 ya mama waliotembelewa kwa utaratibu huo walikuwa bado na sonona, wakati kwa wale waliopata matembezi ya kawaida ilikuwa asilimia 53. Nisitie chumvi: uzito wa watoto haukutofautiana kwa kiasi cha kujivunia. Hata hivyo watoto wa kundi la kwanza waliugua kuhara mara chache zaidi, wengi zaidi walikamilisha chanjo, na wazazi wao wote wawili walicheza nao zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliuchapisha mpango huo uwe mwongozo kwa nchi nyingine.

Lililonifanya niurudie utafiti huo ni namna wahudumu wale walivyofundishwa. Walikaa darasani siku 2, wakarudi siku 1 baada ya miezi kadhaa. Ni muda mfupi kuliko semina zetu nyingi! Ila kila mwezi walikutana kwa nusu siku na msimamizi wao, kila mmoja akaeleza mama aliyemshinda, wakaelekezana, wakarudi vijijini. Nusu siku hiyo ndiyo tunayoikosa sisi, na ndiyo ambayo kwenye bajeti hukatwa kwanza, kwa sababu haina ukumbi wala picha.

Mheshimiwa, fursa unayo mkononi. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 katika miaka mitano, maana yake wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, kwa mafunzo ya miezi sita. Naomba ndani ya miezi hiyo afya ya akili ya mama na mtoto isiwe mada ya alasiri moja. Wafundishwe kwa vitendo: kumwangalia mama anavyomjibu mtoto, kucheza na mtoto mbele ya mama ili mama aone inavyowezekana, kusikiliza bila kuhubiri, na kumshirikisha baba au bibi pale inapofaa. Wajifunze kuuliza maswali machache kwa Kiswahili cha kawaida. Lipo dodoso la maswali 10 la kupima sonona baada ya kujifungua, lililotungwa Edinburgh, Uskoti, na kuchapishwa mwaka 1987, ambalo linatumika katika nchi nyingi. Swali lake la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Nimeona watu wakiligawa kama fomu ya kawaida, na hapo nasema hapana: asiyejua afanye nini akijibiwa "ndiyo" asipewe swali hilo mkononi, kwanza apewe msimamizi na namba ya simu inayopokelewa.

Lipo pia suala la siri, ambalo miongozo hulitaja kwa mstari mmoja na kupita. Mhudumu wa kitongoji ni jirani. Mume wake anacheza bao na mume wa huyo mama anayepigwa. Mama akihisi kwamba neno lake litafika kisimani kabla yake, hatasema kitu, na mhudumu ataandika kwenye taarifa kwamba familia haina tatizo. Kwa kuwa kila kitongoji kina wahudumu wawili, mama aambiwe waziwazi kwamba anaweza kumchagua wa kuzungumza naye, na mhudumu afundishwe, kwa mifano ya kijijini kwake hasa, ni lipi la kubaki naye na ni lipi ambalo sheria inamtaka alitolee taarifa kwa sababu mtoto yuko hatarini.

Wahudumu hao watasimamiwa na nani? Muuguzi wa zahanati ndiye aliye karibu, na yeye asimamiwe na mratibu wa afya ya akili wa halmashauri. Waratibu wapo, mafuta ya pikipiki ndiyo hayapo. Na usimamizi shirikishi nilioushuhudia mara nyingi ulikuwa ni gari kusimama nje injini ikinguruma, rejesta kukaguliwa, saini kuwekwa kwenye kitabu cha wageni na safari kuendelea kituo kingine. Msimamizi wa kazi hii inampasa akae, amwone muuguzi akizungumza na mama mmoja mwanzo hadi mwisho, ndipo aseme lake. Kwa watoto wanaohitaji mtaalamu, hospitali ya Mirembe iko Dodoma na Muhimbili iko Dar es Salaam, na kwa mzazi wa Malinyi hizo ni nauli za mavuno ya msimu. Mratibu anayempigia daktari simu akiwa na maelezo yaliyoandikwa vizuri atazipunguza safari hizo.

Kuhusu waganga wa tiba asili na viongozi wa dini, niseme kwa kifupi tu kwamba mtoto mwenye degedege au aliyeacha kuongea hufikishwa kwao kabla ya kuletwa kwetu, na kuwakejeli kwenye mafunzo kumetusaidia tu kufichwa watoto. Waalikwe kwenye vikao vya kitongoji na waelezwe dalili zinazotaka mtoto akimbizwe kituoni siku hiyo hiyo.

Ofisi zako na za wenzako ndizo zinazonifanya niiweke barua hii wazi. Tangu Wizara ya Afya ilipotenganishwa na Maendeleo ya Jamii mwezi Januari 2022, muuguzi anafuata miongozo yako, afisa ustawi wa jamii ana wizara yake ya kisera, mwalimu wa darasa la awali yuko Elimu, na wote watatu wakiwa kwenye halmashauri wanasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya Rais inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mtoto wa miaka minne aliyeanza kujing'ata mikono anawahusu wote. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, ilijengwa kwa ajili ya kuwakutanisha hao. Katika awamu inayoifuata naomba mafunzo ya pamoja yafanyike kwenye kata, muuguzi, afisa ustawi na mwalimu wakikaa meza moja na kujadili mtoto wanayemjua wote, badala ya kila wizara kumwita wake kwenye ukumbi wake.

Naomba pia swali kuhusu hali ya mama liwe sehemu ya kila hudhurio la mtoto, na jibu lake liingie kwenye MTUHA (mfumo wa kutunza taarifa za huduma za afya), kwa sababu kwenye vituo vyetu kisichojazwa kwenye rejesta hakifuatiliwi na mtu. Na vyuoni, mwanafunzi wa ngazi ya stashahada asihitimu kabla daftari lake la mazoezi halijaonyesha familia alizozifuatilia kwa miezi kadhaa chini ya mkufunzi. Kama kuanza nchi nzima ni gharama kubwa mno, anza na halmashauri chache za mkoa mmoja, ukiwa na waratibu wenye usafiri, na uwape angalau miaka miwili kabla ya kuagiza tathmini. Bajeti ijayo ikiletwa mezani kwako ikiwa na kifungu cha semina na kifungu cha usimamizi, na fedha zikawa hazitoshi vyote viwili, nakusihi ukate cha semina.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi mstaafu wa uuguzi na ukunga,
Morogoro.

Nakala:
Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia
Waziri wa Nchi, OR-TAMISEMI