Swapu kujaa siyo ugonjwa, angalieni mwendo wake

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na mafundi wa seva wanaosoma gazeti lako, na mabosi wao pia, maana hili jambo linatesa watu bure. Kuna tabia imeota mizizi ya kuweka tahadhari kwenye seva za Linux kwamba swapu, yaani sehemu ya diski inayotumika kama akiba ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya seva), ikifika asilimia fulani simu ilie, basi saa nane usiku mtu anaamshwa, anaingia, anaandika free -h, amri ya kuonyesha RAM na swapu, anakuta swapu imejaa nusu lakini seva inafanya kazi vizuri tu na hakuna anayelalamika. Akishazoea, tahadhari ikija anaizima anarudi kulala, na siku ikiwa kweli ataizima vilevile.

Jamani, kerneli, yaani kiini cha Linux kinachogawa kumbukumbu, ikiona kuna kurasa za kumbukumbu (vipande vyake vidogo) hazijaguswa muda mrefu, labda programu ilizihitaji wakati wa kuwaka tu, na RAM inabana, inazihamishia diski, kwenye swapu, ili vinavyotumika sasa hivi vipate nafasi. Zinaweza kukaa huko hadi seva izimwe na hakuna atakayeziulizia. Shida ni pale kurasa zinapoenda na kurudi, kwenda na kurudi, kila sekunde, hapo diski inahema, kila kitu kinakwama, hata kuingia kwenye seva kutoka mbali kwa ssh inakuwa kazi.

Sasa huo mwendo ndo wa kufuatilia. Andika vmstat 1 uiache kidogo, tazama safu ya si, yaani kinachorudi RAM kutoka diski, na safu ya so, kinachotoka RAM kwenda diski. Mstari wa kwanza uruke, ule ni wastani tangu seva iwake, watu wanaupiga picha wanautuma kama ushahidi kumbe hausemi kitu kuhusu sasa hivi. Safu ya so ikipanda mara moja ikatulia, sawa, ila zote mbili zikibaki juu dakika nzima, hapo amka. Na kama kerneli yako ni 4.20 au mpya zaidi na kipimo hiki hakijazimwa, fungua /proc/pressure/memory, mimi ndo naipenda kuliko zote, inakwambia prosesi, yaani programu zinazokimbia, zimesimama kusubiri kumbukumbu asilimia ngapi ya muda, kwa sekunde 10, 60 na 300 zilizopita. Tahadhari ifungwe hapo! Ukitaka kujua nani anakula swapu, soma mstari wa VmSwap kwenye /proc/PID/status ya kila prosesi, PID ikiwa namba yake.

Wanaosema dawa ni kuzima swapu kabisa sikubaliani nao hata kidogo. Ukiizima, data za programu ambazo hazina faili diski hazina pa kwenda, kwa hiyo RAM ikibana kerneli inabaki kutupa kurasa za mafaili, hata msimbo wa programu zinazokimbia, halafu inazisoma upya kutoka diski, kukwama kunakuwa kulekule ila sasa si na so zinaonyesha sifuri na wewe unabaki kutafuta mchawi, mwisho wa yote kerneli inaua prosesi, na mara nyingi ni ile kubwa, database yenyewe.

Kama ni lazima uisafishe kwa swapoff -a, inayorudisha RAM vyote vilivyo kwenye swapu, tazama kwanza safu ya available kwenye free, yaani RAM inayoweza kupatikana, nafasi ikiwa ndogo kuliko swapu iliyotumika usiiguse.