Mifumo ya uchumi ifundishwe kwa kilo ya korosho

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Mtwara. Kila mwaka wanafunzi wangu hukariri kwamba ubepari ni mali ya watu binafsi, ujamaa ni mali ya umma, na uchumi mchanganyiko ni vyote viwili. Mtihani wanafaulu. Ila ukiwauliza korosho za nyumbani kwao zinauzwa kwa mfumo upi, darasa zima linanyamaza.

Kosa si lao. Tunawapa majina ya mifumo, hatuwapi maswali: mali ni ya nani, bei inapangwa na nani, na mambo yakiharibika hasara inamwangukia nani?

Babu zao waliishi majibu yote. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, zao la korosho liliwekwa chini ya mamlaka ya serikali. Mwaka 1976 hata vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Mikorosho ilibaki ya mkulima, lakini mnunuzi alikuwa mmoja na bei alikuja nayo mfukoni. Uzalishaji uliofika tani 145,000 msimu wa 1973/74 ulishuka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sisemi ni bei peke yake. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, uliunguza maua, na watu waliohamishiwa vijiji vya ujamaa waliacha mashamba yao mbali, yakageuka pori. Lakini nani angetembea saa nzima kupalilia mti usiomlipa?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa, na mashamba yakafufuka. Mkulima akapata wanunuzi wengi, akapata pia wa kangomba: mtu anayekuja na fedha taslimu miezi ya njaa, akanunua kwa bei ya kutupa korosho zikiwa bado mtini. Nina wanafunzi ambao sare zao zilinunuliwa kwa fedha hiyo, na msimu ulipofika nyumbani hapakuwa na cha kuvuna. Hilo nalo ni soko huria, na linaumiza.

Tangu msimu wa 2007/08 tuna stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala. Shamba ni la mtu binafsi, mzigo unapitia chama cha msingi cha ushirika, wanunuzi binafsi wanashindana mnadani, na sheria inakataza kuuza pembeni. Kitabu cha darasani hakina jina la kitu hiki. Halafu Novemba 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo. Kwa msimu mmoja hasara ilihama kutoka kwa mkulima kwenda hazina, ingawa wengi walisubiri malipo miezi kadhaa.

Naandika haya kwa sababu vijana hawa kesho watapiga kura juu ya ushuru, ruzuku ya salfa, dawa ya mikorosho, na bei elekezi. Nawaomba wanaoandaa mitaala waweke karatasi ya malipo ya mkulima ndani ya kitabu: kilo, daraja, bei ya mnada, makato. Mimi nimeshaazima moja na kuibandika ubaoni. Tumefika mstari wa makato, na kwa mara ya kwanza kipindi changu kimeisha mikono ikiwa bado juu.

Mwalimu,
Newala, Mtwara