Kwenye ile picha na mimi nipo, mstari wa tatu

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuandika hata neno moja, ila ile habari kwamba wananchi wa bonde la Msimbazi "wameshirikishwa" kupanga namna ya kukabili mafuriko imenishinda kunyamaza. Picha mliyoiweka na mimi nipo. Mstari wa tatu, kofia nyeupe, nimeshika soda.

Tuliitwa saa tatu, wakubwa wakafika saa tano na nusu. Tukasaini mahudhurio kwanza, maana bila kusaini hakuna nauli. Ikawekwa ramani ukutani, bluu tupu, maandishi yote Kiingereza, na mtaalamu mmoja, kijana mwenye heshima zake tu, akaeleza maji yanavyoshuka kutoka Pugu mpaka kwetu. Sawa. Nikanyoosha mkono nikamwambia mwanangu, mimi nakaa Hananasif, sisi mvua hata isiwe kubwa kivile tunaogelea ikikutana na bamvua, yaani bahari ikijaa kuliko siku zote, kwa sababu mto ukifika daraja la Salenda unakuta bahari imejaa, maji hayana pa kwenda, yanarudi na mtaro hadi uani kwangu na yanaanza kububujika kwenye shimo la choo kabla mto wenyewe haujavuka kingo, na ukutani nina alama ya tope ya Desemba 2011 iko juu ya swichi ya taa, twende ukaione, dakika kumi kwa mguu. Akaandika kitu kwenye daftari, akasema "mzee, hiyo tumeichukua". Wameichukua wakaipeleka wapi? Alama bado iko ukutani kwangu.

Na msiniambie kuuliza watu ni kazi ngumu. Mwaka 2015 Ramani Huria, wale wa mradi wa kuchora ramani za mitaa yenye mafuriko, walianza kupita mitaani na wanafunzi wa chuo, simu mkononi, wanachora mitaro pamoja na wenyeji, tope mpaka kwenye ndala. Kumbe inawezekana! Lakini wakubwa hawapendi kuambiwa, si ndo hawahawa waliotuambia bondeni hapafai, nyumba zikapigwa X nyekundu za kubomolewa, wenzetu wakapelekwa Mabwepande kule pembezoni mwa jiji, huku depo ya mwendokasi inajengwa palepale Jangwani, mvua zikaja mabasi yakaingia maji. Mzee yeyote anayecheza bao Magomeni angewaambia bure, bila hata soda.

Halafu kuna hawa wa taka. Hela wanapita kukusanya kila mwezi bila kukosa, na risiti wanakupa, gari lenyewe sasa, wiki tatu hulioni, viroba vinaoza barazani, watu wanachoka wanatupia mtaroni, pampasi zinaziba karavati. Na mvua ikianza tu majirani wengine (wanajijua) wanatoboa vyoo wanavitapisha yaende na maji. Yanaenda wapi? Yanakuja kwangu.

Sasa naomba kikao kijacho msikiweke ukumbini. Kifanyike uani kwangu, Aprili, mwezi ukiwa mpevu, saa kumi alfajiri ambapo bamvua inakuwa imejaa. Viti sina, kuna ndoo tatu za kukalia. Ramani waje nayo ila wasiitundike chini ya swichi. Buti wasivae, waje na ndala kama sisi. Na mpiga picha wenu mleteni, safari hii soda nanunua mimi.

Mzee wa Hananasif,
Dar es Salaam