Risala ya wazee wa rokenroli Mombasa kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, wazee wenzangu, majirani mliokuja kuchungulia na nyinyi watoto mlioning'inia madirishani, asalaam aleikum, bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Mimi ndo katibu, nimeambiwa risala iwe dakika tano tu nisirefushe, lakini mama mgeni rasmi, ukimpa bibi wa miaka 68 maikrofoni ukamwambia dakika tano hapo makosa si ya bibi.

Tulianza watu saba, leo tuko 31. Mdogo wetu ana 58 twamwita mtoto, mkubwa wetu ana 81 na huyo ndo wa kwanza kufika kila siku. Twakutana Jumanne na Alhamisi baada ya Alasiri, wengine waja na tuktuk kutoka Majengo, wengine wavuka feri kutoka Likoni, na spika twaizima kabla ya adhana ya Magharibi. Twacheza rokenroli. Ndio, rokenroli, hamkusikia vibaya.

Tulisemwa jamani. Ati watu wazima badala ya kushika tasbihi wameshikana mikono wanarukaruka, ati ni mambo ya kizungu. Sasa mimi nauliza, lelemama walikuwa wakicheza kina nani hapa Mombasa? Si bibi zetu hao hao, na vyama vyao vya ngoma ndo vilikuwa vya kufaana kwenye harusi na matanga. Na kina babu na beni yao, tarumbeta mbele wao nyuma wamevaa kama askari! Sisi wenyewe miaka ya 60 tuko wadogo twist ikatukuta, Daudi Kabaka akaitwa mfalme wa twist, nani hakuzungusha kiuno hapa kama anayezima kipande cha sigara kwa kiatu, anyooshe mkono. Na hiyo rokenroli kuvuma imevuma Marekani miaka ya 50 lakini ukifuata mizizi yake wakuta Wamarekani weusi wa Harlem, New York, kwenye ukumbi wa Savoy uliofunguliwa 1926, wakicheza lindi hop, dansi ya wawili wawili iliyoizaa hii yetu. Kwa hiyo hata ya kizungu siyo hasa.

Utaratibu wetu ni huu, mume na mkewe wacheza pamoja, waliobaki mwanamke na mwanamke, mwanamume na mwanamume, na ngoma hailalamiki, yataka tu mmoja aongoze mwengine afuate. Kule kurushana juu mnakoona kwenye video za mashindano sisi hatukutaki, nani atamdaka nani. Hatua yetu ni ya kuhesabu sita, kushoto moja mbili, kulia tatu nne, halafu mguu mmoja warudi nyuma wa pili waupokea, tano sita, basi.

Hiyo tano sita ndo yenye maana. Mimi nilianguka mwaka juzi jikoni kwangu na sikuwa nakimbia, nilirudi nyuma hatua moja nimpishe mjukuu na sufuria, mguu ukatafuta sakafu ukaikosa. Nikakaa na mkono kwenye plasta wiki sita. Hapa Jumanne moja narudi nyuma labda mara mia mbili, nikiwa nimeshikwa mkono, mpaka mguu wenyewe ushajua sakafu iko wapi.

Shirika la Afya Duniani lasema mwenye miaka 65 kwenda juu apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yani yale ambayo waweza kuongea lakini kuimba huwezi, na siku tatu au zaidi afanye mazoezi ya kuimarisha nguvu na kusimama imara asipepesuke. Dakika tunazipata, saa moja na nusu kwa siku hata ukitoa mapumziko ya umbeya twakaribia, zingine ni za kwenda Marikiti kwa miguu. Siku ndo mbili, na hilo nitalirudia.

Kuna utafiti ulitoka 2003 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, waliwafuatilia wazee 469 huko New York waliopita miaka 75, na katika mazoezi yote ya mwili waliyoyaangalia ni dansi peke yake iliyoonekana kwenda pamoja na hatari ndogo ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mjukuu wangu anayesomea uuguzi kanionya nisitangaze kama dawa, huenda ikawa wenye akili bado timamu ndo wanaoweza kucheza. Sawa, nimesikia. Lakini mimi najua kazi inayofanyika kichwani pale, wahesabu, wasikiliza gitaa, mkono wa mwenzio wakuambia geuka, na uso utabasamu maana jirani yuko dirishani.

Mzee mmoja wetu seremala, alipofiwa na mkewe aliletwa na bintiye, siku ya kwanza akasimama mlangoni na nauli ya tuktuk ya kurudia mkononi, noti imekunjwa mara nne, hakuiweka mfukoni mpaka tunafunga. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akachukuliwa mkono na baharia mstaafu, wakapeana ngoma. Sasa hivi ikifika saa kumi na robo seremala hajaonekana baharia yuko kwenye simu, wewe uko wapi, mimi nicheze na ukuta? Kwa sababu ngoma ya wawili mmoja akikosa mwengine abaki na mkono mtupu. Kutembea peke yako ufukweni pale Mama Ngina ni kuzuri pia, ila ukikosa kwenda bahari haikupigii simu.

Mambo tuliyojifunza kwa maumivu: champali marufuku, na raba zenye kung'ang'ania sakafu pia, mwili wageuka kiatu chabaki, goti ndo lalipa. Wa sukari ale kitu kabla, hata hamri moja. Wa presha asigeuzwe haraka, dawa zingine zaleta kizunguzungu.

Maombi ni matatu. Sakafu hii, mama, iangalie pale karibu na nguzo, saruji imepasuka tumeweka mkeka juu na watu wawili washajikwaa. La pili, tupate muuguzi hata mara moja kwa mwezi apime presha hapa hapa, maana wengine wetu foleni ya kliniki wameiogopa. La tatu ndo ile niliyosema nitarudia, ukumbi tupewe na Jumamosi ziwe siku tatu, hata saa moja tu.

Na mmesikia tuko 31, hesabu haigawanyiki, wa 31 ndo mimi ninayebaki na karatasi. Mgeni rasmi viatu vyako nimevitazama tangu ushuke garini, soli ya ngozi, vyateleza vizuri hivyo. Kijana wa spika, weka ile ya polepole. Mama, karibu, mguu wa kushoto.