Jiwe Lililokaa Mvunguni: Barua kwa Mwanangu

Tabaka, Kisii

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko Nakuru. Sisi hatujambo, na bibi yako bado anauliza utarudi lini. Juzi uliponipigia simu ukaniambia kwamba tamthilia yako utaanza kuiandika utakapopata kompyuta na chumba kisicho na kelele, sikukujibu vizuri, na tangu hapo maneno yako yamenikaa moyoni.

Nilipokuwa na umri wako nilipata kutoka machimboni jiwe la kuchonga, lile laini liitwalo jiwe la sabuni, la rangi ya waridi, zito kiasi kwamba tulilibeba watu wawili. Nililisukuma mvunguni mwa kitanda, nikaapa kutoligusa mpaka nipate wazo linalolistahili. Likakaa miaka mitatu. Nilijaza daftari zima michoro ya mama aliyembeba mtoto, nikabadilisha shingo, nikabadilisha mikono, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba bado natafakari. Ukweli ni kwamba niliogopa, maana mchoro ukiharibika unafutwa, ilhali jiwe likikatwa vibaya ndiyo basi. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nililala juu ya changu kila usiku bila kuinama.

Kilichoniamsha ni karo ya shangazi yako. Dalali mmoja aliagiza visahani 40 vya kuwekea sabuni, kazi ambayo hadi siku hiyo nilikuwa nikiidharau. Kila jioni niliviloweka vipande vya mawe katika beseni, kwa sababu jiwe letu likilowa hukatika kwa urahisi na vumbi lake halijazi kifua, kisha nikanoa panga na kisu, na saa kumi na mbili asubuhi nikawa nimeketi kazini, niwe na hamu au nisiwe nayo. Visahani vya kwanza vililemea upande mmoja. Nilipovuka cha ishirini, kidole gumba kilianza kuhisi mahali pa kupunguza kabla jicho halijaona. Asubuhi moja ukingo ulipinda kuliko nilivyokusudia, nikautazama, nikaona mgongo wa ndege. Ndege huyo hakuwamo katika daftari langu.

Agizo lilipokwisha nililitoa lile jiwe na kulikata. Pigo la tatu lilifichua ufa mwembamba kama unywele, uliopita katikati toka juu hadi chini. Yule mama wa daftarini na mtoto wake wasingeweza kutoka katika jiwe lile hata ningengoja miaka kumi. Nililia, sikufichi. Kisha nikalipasua kwa kuufuata ufa wenyewe, nikachonga ndege wawili. Mama yako, ambaye wakati huo hatujaoana, akawasugua kwa msasa ndani ya maji, ule wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, na walipopakwa nta, waridi iliyokuwa imefichwa na weupe wa vumbi ikatokea.

Sote hapa tunajivunia mchongaji wetu Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani yuko katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Watu wakimsifu, mimi hujiuliza ni mawe mangapi yalimpasukia mkononi kabla ya hilo.

Tamthilia yako nayo ina ufa mahali fulani, mwanangu, na hutaujua kabla ya kukata. Daftari na kalamu unavyo. Chagua saa moja, iwe alfajiri kabla ya wenzako kuamka, uiheshimu kama unavyoheshimu saa ya mtihani, hata siku ambayo utaandika mistari miwili na kuifuta yote. Anza na wahusika wawili tu wanaogombana. Uliniambia tayari unawasikia wakizungumza.

Ndege mmoja niliuza, tukalipa karo. Wa pili ndiye yule wa dirishani uliyekuwa ukichezea utotoni. Jumamosi nitampa dereva wa matatu akuletee. Dereva huyo akigeuza kurudi Kisii, mkabidhi kurasa zako tano za kwanza jinsi zilivyo, pamoja na mistari uliyoikata.

Ni mimi baba yako.